Mtu aliyetumwa Aden kufunga duka

Waliokuwa na akili zao Tanganyika ya 1961 wanalikumbuka jina la Sir Richard Turnbull, gavana wa mwisho. Alikuja Dar es Salaam 1958 akitokea Kenya, na sifa ya mkono wa chuma aliyoipata wakati wa Mau Mau ilimtangulia. Badala ya kupambana na TANU akakaa na Nyerere, wakaelewana, na uhuru ukaja bila bunduki kulia. London ikaihesabu hiyo kuwa kazi safi. Baadaye akaongoza Bodi Kuu ya Ardhi kule Kenya, na Januari 1965 akapelekwa Aden, bandari ya kusini mwa Arabia iliyo katika Yemen ya leo, kuwa Kamishna Mkuu, kwa matumaini kwamba alilolifanya Dar angelirudia ng'ambo ile ya bahari. Halikurudiwa. Mei 1967 Waziri wa Mambo ya Nje, George Brown, alimwondoa ghafla, na nafasi yake akaipata balozi mstaafu wa miaka 61 aitwaye Humphrey Trevelyan.

Kisa ninachokichambua ni cha huyo Trevelyan na miezi yake sita. Nimeanza na Turnbull kwa kuwa ndiye tunayemjua, na kwa kuwa fumbo lote limo katika tofauti ya miji ile miwili. Dar es Salaam kulikuwa na mtu wa kukabidhiwa. Aden hakukuwepo. Turnbull mwenyewe hakuwa mtu wa kujidanganya: Denis Healey, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, amesimulia kwamba Turnbull aliwahi kumwambia kuwa himaya yao ikishazama itaacha nyuma vitu viwili tu, mpira wa miguu na tusi moja la Kiingereza la kumfukuza mtu. Wanaofuatilia Ligi Kuu ya Uingereza kila Jumamosi wanaweza kuamua wenyewe kama alikosea.

Sisi wa pwani Aden si jina la kwenye ramani tu. Majahazi ya kaskazi yalipita huko, na nyuma yake, kuelekea mashariki, ndiko Hadhramaut walikotoka Washihiri, wale wa kahawa na maduka ya mitaani Lamu, Mombasa na Unguja, ambao hata jina tumewapa kwa mji wao wa bandari, Shihr. Waingereza waliiteka Aden 1839 wakitaka kituo cha meli zao za kwenda India. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869 kituo kikawa mgodi. Meli ikitoka au ikienda mferejini ilitia nanga Aden kujaza makaa, na baadaye mafuta. Mwaka 1954 kampuni ya mafuta ya Uingereza ilifungua kiwanda cha kusafishia mafuta upande wa pili wa ghuba, na kufikia miaka ile Aden ilikuwa miongoni mwa bandari zenye meli nyingi kuliko karibu zote duniani.

Pia ilikuwa ghala la askari. Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi kwenye kambi yao ya Colito, makomando wa Uingereza waliotua Dar es Salaam kuwazima walipakiwa kwenye manowari Centaur kutoka Aden. Kwa kuitazama kwa macho ya London, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Aden: mahali ambapo unaweka zimamoto.

Tatizo ni kwamba nyumba ya zimamoto yenyewe ilikuwa inaungua. Tarehe 10 Desemba 1963, siku ileile Zanzibar ilipopata uhuru kutoka Uingereza, guruneti lilirushwa kwenye uwanja wa ndege wa Khormaksar likimlenga Kamishna Mkuu wa wakati huo, Kennedy Trevaskis, na hali ya hatari ikatangazwa. Mapema mwaka huohuo Waingereza walikuwa wameiunganisha Aden, mji wa makuli, makarani na vyama vya wafanyakazi, na majimbo ya masultani na mashekhe wa bara, wakaita mchanganyiko huo Shirikisho la Arabia Kusini. Mtu wa mjini aliyekuwa akisikiliza redio ya Cairo kila jioni aliambiwa kwamba sasa watawala wake ni watu wa milimani wanaolipwa na Mwingereza. Hebu fikiria wewe ungelipokeaje.

Mwaka 1964 masultani hao waliahidiwa London mambo mawili: uhuru usiopita 1968, na mkataba wa ulinzi baada ya uhuru. Februari 1966 serikali ya chama cha Labour, ikiwa haina fedha, ikatangaza kwamba kambi ya Aden itafungwa na mkataba wa ulinzi haupo tena. Watawala waliokuwa wamejifunga kwenye boti la Mwingereza mbele ya macho ya majirani zao wote wakaambiwa kwamba boti halisafiri. Mimi nikisoma historia hii, hapo ndipo ninapoona kila kitu kimekwisha. Yaliyofuata ni namna tu ya kumalizikia. Trevelyan alifika mwaka mmoja na ushei baadaye, hukumu imeshasomwa, yeye anatakiwa kuitekeleza.

Kwa nini yeye? Ukiutazama wasifu wake, utadhani mtu ameandaliwa makusudi.

Alizaliwa 1905, mtoto wa kasisi, akasoma Cambridge, na 1929 akaingia utumishi wa serikali ya India. Miaka michache baadaye akahamia idara ya siasa, ile iliyoshughulika na maharaja na manawabu. Kazi ya idara hiyo ilikuwa kuishi karibu na wafalme wadogo, kunywa nao chai, kuwashauri, na kuwakumbusha kwa upole kwamba wana mkataba na Mfalme wa Uingereza. Wafalme hao walizidi 550. Agosti 1947 India ilipopata uhuru, Uingereza ilitangaza kwamba mikataba hiyo yote imekoma usiku mmoja. Maharaja aliyeamini kwamba karatasi yake na Malkia Victoria ingemlinda aligundua asubuhi kwamba anapaswa kwenda kupatana na Delhi au Karachi. Trevelyan aliyaona hayo akiwa ndani, si kwenye gazeti. Kisha akahamia Wizara ya Mambo ya Nje, akapelekwa Baghdad, Ujerumani, na 1953 Peking.

Peking ilikuwa shule ya aina yake. Uingereza ilikuwa imeitambua serikali ya Mao tangu Januari 1950, lakini Wachina hawakuwa tayari kumtambua mwakilishi wa Uingereza kama balozi, wala kaimu balozi. Kwao alikuwa mtu aliyekuja kuzungumzia uwezekano wa kuwa na uhusiano. Trevelyan alikaa katika cheo hicho kisicho cheo, akipeleka barua zisizojibiwa, hadi mkutano wa Geneva wa 1954 ulipompa nafasi ya kukutana na Zhou Enlai na hadhi yake ikarekebishwa. Mtu aliyezoea kufanya kazi bila kutambuliwa na mwenyeji wake hawezi kubabaishwa na Aden.

Halafu Cairo. Hapa nitakaa kidogo, maana bila Cairo huwezi kuielewa sura aliyokwenda nayo Aden.

Alifika Misri 1955 kama balozi, muda mfupi kabla Nasser hajatangaza kununua silaha za kambi ya Urusi kupitia Chekoslovakia. Alikuwa na mawasiliano mazuri na Nasser, ya watu wazima wanaopingana bila kutukanana. Jioni ya tarehe 1 Machi 1956 Nasser alikuwa mezani na Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Selwyn Lloyd, na usiku huohuo habari ikafika kwamba Mfalme Hussein wa Jordan amemfukuza Jenerali Glubb, Mwingereza aliyeliongoza jeshi lake. London ikaamini ni mkono wa Nasser. Kuanzia hapo Waziri Mkuu Anthony Eden hakutaka tena kusikia ripoti za utulivu kutoka Cairo. Julai 1956 Marekani na Uingereza zikajitoa kwenye ahadi ya kugharimia bwawa la Aswan, na tarehe 26 ya mwezi huo Nasser akautaifisha mfereji.

Sote tunajua kilichofuata, ila upande wa balozi haukumbukwi sana. Kati ya tarehe 22 na 24 Oktoba, katika nyumba moja Sèvres, nje kidogo ya Paris, wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israeli waliandikiana mpango: Israeli itaivamia Sinai, kisha Uingereza na Ufaransa zitajitokeza kama wasuluhishi na kuzitaka pande zote ziondoke karibu na mfereji. Eden alipojua kwamba kuna karatasi iliyotiwa saini, alituma watu Paris kwenda kuzichukua nakala ziteketezwe. Balozi wake wa Paris hakuambiwa. Balozi wake wa Cairo hakuambiwa. Tarehe 30 Oktoba Trevelyan alikaa mbele ya Nasser akitetea amri ya saa 12 ambayo hakujua imepikwa wapi wala na nani. Nasser akaikataa. Jioni iliyofuata ndege za nchi yake zilianza kupiga mabomu viwanja vya ndege vya Misri huku yeye na watumishi wake wakiwa bado wamo ubalozini, na maelfu ya raia wa Uingereza wakiwa majumbani mwao nchi nzima. Misri ilivunja uhusiano. Wakazuiliwa ndani ya ubalozi kwa siku kadhaa, hadi waliporuhusiwa kuondoka.

Balozi ni mtu ambaye mtaji wake wote ni kuaminika. Serikali yake ilimtuma akautapanye mtaji huo bila kumwambia. Wenzake kadhaa wa wizarani walikaribia kujiuzulu. Anthony Nutting, naibu waziri, alijiuzulu kweli. Trevelyan alibaki kazini. Miaka miwili baadaye alikuwa Baghdad, kwenye mji ambao ubalozi wa Uingereza ulikuwa umechomwa moto siku ya mapinduzi ya Julai 1958, akiongea na Brigedia Qassim usiku wa manane, saa ambazo Qassim alipenda. Juni 1961 Qassim alipodai kwamba Kuwait ni ya Iraq, simu za maandishi za Trevelyan kuhusu vifaru kuelekea Basra ndizo zilizoifanya London ipeleke askari Kuwait, wengine wakitokea Aden na wengine Kenya. Wako wanaosema alipiga king'ora mapema mno, kwa maana vifaru hivyo havikuonekana. Baada ya hapo akawa balozi Moscow, akastaafu 1965.

Huyu ndiye aliyeitwa na Brown. Turnbull alikuwa mtawala. Brown alitaka mtu wa kuzungumza na mahasimu. Mwezi mmoja kabla, Aprili 1967, ujumbe wa watu watatu wa Umoja wa Mataifa ulikuja Aden kutafuta suluhu ukapokewa kwa mgomo na risasi, ukagombana na serikali ya Shirikisho juu ya hotuba ambayo haikurushwa kwenye televisheni, na ukapanda ndege kuondoka baada ya siku chache. Kwenye mji wenye harakati mbili zenye silaha, NLF na FLOSY, zinazowapiga Waingereza mchana na kupigana zenyewe usiku, hakuna aliyekubali kukaa meza moja na mwenzake. FLOSY ilibebwa na Cairo. NLF ilikuwa imejitenga na Cairo mwishoni mwa 1966 na ilikuwa ikijipenyeza kimyakimya ndani ya polisi, jeshi na mabarazani huko bara. Waingereza hawakumjua hata kiongozi wa NLF kwa kukutana naye. Qahtan al-Shaabi alikuwa kwao jina, afisa wa zamani wa kilimo kutoka Lahj.

Trevelyan hajamaliza wiki tatu Aden, vita vya Juni 1967 vikalipuka. Nasser akashindwa vibaya, na redio ya Cairo ikatangaza kwamba ndege za Uingereza na Marekani ndizo zilizoisaidia Israeli. Mjini Aden hilo liliaminika. Mfereji ukafungwa, na haukufunguliwa tena hadi 1975. Makuli wakakaa kwenye magati ya Steamer Point wakiitazama bahari tupu. Duka ambalo Trevelyan alitumwa kulifunga likawa halina hata mteja.

Tarehe 19 Juni Brown alisimama bungeni London akatoa zawadi ya mwisho kwa masultani: uhuru tarehe 9 Januari 1968, msaada wa fedha ukifikia paundi milioni 60, na manowari na ndege za kuwalinda kwa miezi sita ya kwanza. Kesho yake, tarehe 20, mambo yakaharibika ndani ya asubuhi moja.

Chanzo kilikuwa ugomvi wa vyeo. Jeshi la Arabia Kusini lilikuwa limeundwa mwanzoni mwa mwezi huo kwa kuunganisha vikosi viwili, na makanali kadhaa wa Kiarabu walilalamika kwamba ukamanda unapewa kabila moja. Wakasimamishwa. Askari wao wakaasi kambini, na uvumi ukakimbia mji mzima kwamba Waingereza wanawaua Waarabu. Polisi wa kambi ya jirani wakalifyatulia risasi lori la askari wa Kiingereza waliokuwa wakirudi kwenye mazoezi ya shabaha. Crater nako, polisi wenye silaha wakapanda juu ya paa la kambi yao na kuwasubiri.

Crater ni mtaa uliojengwa ndani ya tundu la volkano iliyokufa. Milima ya mawe meusi imeuzunguka pande zote, na kuuingia ni kwa njia mbili kuu tu, moja ikipita penyo la mlimani na nyingine ikiambaa na bahari. Ukiwa na bunduki juu ya paa mle ndani, gari linaloingia huna haja ya kulitafuta. Doria ya Kiingereza iliingia, na miili ikabaki barabarani. Hadi jioni Uingereza ilikuwa imepoteza zaidi ya askari 20 kwa siku moja, na mtaa wenye watu wengi kuliko yote Aden ulikuwa mikononi mwa waasi.

Hapa ndipo uamuzi wa kisa hiki ulipo. Askari wa Kiingereza walitaka kuingia Crater saa ileile, na vifaru, kuchukua maiti za wenzao. Meja Jenerali Philip Tower, kamanda wa majeshi ya nchi kavu, alikataa. Trevelyan akamuunga mkono. Sababu yao haikuwa huruma. Huko bara kulikuwa na maofisa wa Kiingereza na familia chache wakiishi katikati ya vikosi vya Kiarabu, na kama bunduki za vifaru zingeifumua kambi ya polisi, askari wale wa bara wangewageukia maofisa hao kabla jua halijazama. Zaidi ya hilo, jeshi lile la Kiarabu ndilo pekee lililobaki limesimama. Shirikisho lilikuwa kivuli, mahakama hazikupata mashahidi, makarani walikuwa wanalipa michango kwa NLF. Jeshi likichanika, Trevelyan hana hata pa kuweka ufunguo.

Kwa hiyo Crater ikaachwa. Siku 13 bendera za NLF zilipepea juu ya mtaa ulio kilomita chache kutoka nyumba ya Kamishna Mkuu. Magazeti ya London yakapiga kelele ya aibu. Usiku wa tarehe 3 Julai kikosi cha Waskoti chini ya Luteni Kanali Colin Mitchell kiliingia kwa njia ya bahari huku zumari zao zikilia, karibu bila upinzani, na alfajiri wakapiga zumari tena juu ya mapaa ili kila mtu asikie nani amerudi. Mitchell akawa shujaa wa magazeti, na wakubwa wake hawakumpenda tena. Ukiniuliza, zumari zile zilikuwa za wasomaji wa London. Crater ilirudi kwa sababu ilishatulia, na ilitulia kwa sababu ile tarehe 20 hakuna aliyeifumua.

Wako wanaouona uamuzi huo kuwa woga, na ukiwa ndugu wa askari aliyelala barabarani Crater sijui ningekuambia nini. Ila nikipima kwa hesabu, sioni njia nyingine ambayo isingezidisha makaburi.

Kingine Trevelyan alichokifanya ni kuondoa marufuku dhidi ya NLF, ili kama kuna mtu anataka kuzungumza, azungumze bila kukamatwa. Hakuja mtu. Akamtia moyo waziri mmoja wa Shirikisho, Hussein Ali Bayoomi, aunde serikali pana ya mpito, na jaribio hilo likafa mwezi huohuo. Wakati huo sultani mmoja baada ya mwingine akawa anaanguka bila kelele. Asubuhi moja watu wa jimbo wanaamka, NLF wamo ndani ya ofisi ya mtawala, askari wa Shirikisho wamesimama pembeni wakitazama, na redio inatangaza. Agosti watawala kadhaa walikwenda Geneva kukutana na ule ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Walipokuwa wakisubiri hotelini, majimbo yao yakaondoka.

Nakitafakari sana kisa cha Hadhramaut, labda kwa sababu ya jirani zetu Washihiri. Sultani Ghalib al-Quaiti wa Mukalla, kijana ambaye hata miaka 20 hakuwa amefikisha, alirudi kwa meli mwezi Septemba akitokea safari hiyo ya Geneva. Nchi yake haikuwa hata ndani ya Shirikisho. Ilikuwa na mkataba wake mwenyewe na Waingereza, wa tangu karne ya 19. Meli ikaja mbele ya Mukalla, mji mweupe ulioegemea mlima, unaouona wote ukiwa baharini. Akaambiwa asishuke. Mji ulikuwa umeshachukuliwa. Meli ikageuza.

Hapo ndipo namwona yule kijana wa idara ya siasa ya India aliyekaa na maharaja. Trevelyan alikijua kisa hiki kabla hakijatokea. Alijua mkataba na mtawala mdogo huishi kadiri maslahi ya mkubwa yanavyoishi, na aliujua pia upande wa pili, ule wa kutumwa mbele ya mtu na maneno ambayo serikali yako haitayasimamia. Cairo ilimfundisha hilo kwa mabomu. Tofauti ni kwamba Cairo alidanganywa, na Aden alijua. Tarehe 5 Septemba alitangaza hadharani kwamba serikali ya Shirikisho haipo tena na kwamba Uingereza iko tayari kuzungumza na wazalendo. Maneno machache, yaliyowafuta watu ambao miezi miwili na nusu nyuma walikuwa wameahidiwa manowari.

Angeweza kufanya tofauti? Angeweza kugoma, au kujiuzulu kama Nutting. Ninachoweza kumtetea nacho ni kwamba aliwaambia London ukweli mapema kuliko walivyotaka kuusikia. Ninachoshindwa kumtetea nacho ni utulivu wake. Baadaye aliandika kwamba Waingereza waliondoka bila utukufu lakini bila maafa. Bila maafa kwa nani? Wafuasi wa FLOSY waliokimbilia Yemen ya kaskazini wasingelisema hivyo, wala makuli wa Steamer Point.

Mwisho uliamuliwa mbali na Aden. Mwishoni mwa Agosti, kwenye mkutano wa viongozi wa Kiarabu Khartoum, Nasser aliyeshindwa vita alikubali kuyatoa majeshi yake Yemen ya kaskazini, naye Mfalme Faisal wa Saudia akakubali kumsaidia kwa fedha. FLOSY ikapoteza mgongo wake. Mwanzoni mwa Novemba NLF na FLOSY zikapigana mitaa ya Sheikh Othman kwa siku kadhaa, na jeshi la Arabia Kusini, lile lililohifadhiwa kwa kuiacha Crater, likachagua upande: NLF. Trevelyan sasa alikuwa na mtu wa kumkabidhi, ambaye hajawahi kumwona. London ikasogeza tarehe ya kuondoka kutoka Januari hadi mwisho wa Novemba.

Mazungumzo yakafanyika Geneva, siyo Aden. Lord Shackleton wa Uingereza upande mmoja, Qahtan al-Shaabi upande mwingine, wakianza tarehe 21 au 22 Novemba zikiwa zimebaki siku nane hivi. Bandarini kulikuwa na manowari zipatazo 24, msafara mkubwa kuliko wowote Aden ilioupata kuuona, zimekuja kuchukua mizigo. Trevelyan alizipitia kwa mashua ndogo ya kivita na kupigiwa saluti. Lazima ilikuwa picha ya kupendeza, na ya ajabu kidogo, mtu kukagua gwaride la meli zinazomkimbiza.

Tarehe 28 Novemba 1967 alikwenda Khormaksar, uwanja uleule wa guruneti la 1963. Kulikuwa na kikosi cha heshima, mstari wa maofisa wa kuwapa mikono, na bendi ya wanamaji. Hakukuwa na waziri wa nchi mpya wala mtoto mwenye shada la maua. Dar es Salaam, Desemba 1961, bendera moja ilishuka na nyingine ikapanda mbele ya maelfu ya watu uwanjani, mume wa Malkia akiwepo. Aden hakukuwa na wa kushuhudia. Alipokuwa anaelekea ngazi za ndege, bendi ikapiga wimbo wa mchezo mmoja wa jukwaani wa London, wa mtaani kabisa, ambao maana yake ni kwamba mambo si kama yalivyokuwa zamani. Ndege ikapaa. Jenerali Tower akaondoka kesho yake kwa helikopta.

Alipokuwa hewani, makubaliano ya Geneva yalikuwa hayajatiwa saini. Yalitiwa tarehe 29, saa chache kabla ya usiku wa manane uliozaa Jamhuri ya Watu ya Yemen Kusini. Wajumbe walikuwa wamebishana siku zote hizo juu ya fedha. Zile paundi milioni 60 zilizoahidiwa Juni kwa serikali ambayo haikuwepo tena zilikuwa zimeshuka hadi milioni 12, za miezi sita. Na paundi yenyewe ilikuwa imepunguzwa thamani tarehe 18 ya mwezi huohuo, kutoka dola 2.80 hadi 2.40.